Afisa Elimu Hupatikanaje, na Kwa Nini Kukaa Naye Ni Kazi?

Wanafunzi huuliza, "Mbona mwalimu wa hesabu hajaletwa?" Wazazi nao huuliza, "Fedha za kumalizia darasa zimekwama wapi?" Maswali haya mawili yaonekana mbalimbali, lakini yote hupita juu ya meza moja, nayo ni meza ya Afisa Elimu wa halmashauri. Mwalimu mkuu twamwona kila siku. Mkuu wa Wilaya twamwona siku za sherehe. Afisa Elimu wengi wetu twamjua kwa sahihi yake tu, chini ya barua iliyobandikwa ubaoni.

Yafaa basi tueleze mtu huyu ni nani, hupatikanaje, na kwa nini mahali kama kwetu Ushetu ni vigumu kumpata na vigumu zaidi kumweka. Jambo hili si la wakubwa peke yao. Afisa Elimu akiondoka kabla hajazijua shule zake, anayepata hasara ni mwanafunzi.

Nchi yetu ilivyo

Halmashauri ya Wilaya ya Ushetu ni changa. Zamani wilaya nzima ya Kahama ilikuwa na halmashauri moja. Mwaka 2012 ikagawanywa sehemu tatu: Kahama Mji, ambayo tangu 2021 ni Manispaa, Msalala, na Ushetu. Ushetu ina kata 20, tangu Nyamilangano na Kisuke mpaka Ulowa, Ubagwe na Bulungwa. Kusini twapakana na Mkoa wa Tabora, na magharibi twapakana na Mkoa wa Geita. Kwa Sensa ya mwaka 2012 watu wetu walipita 270,000, na wengi wao ni wakulima wa tumbaku, pamba, mahindi na mpunga, pamoja na wafugaji.

Waona basi kwamba tukisema "mahali padogo" hatusemi kwamba watu ni wachache. Twasema kwamba miji ni midogo, nyumba za kupanga ni haba, na vijiji viko mbalimbali. Afisa wa mjini aweza kuzitembelea shule kadhaa kwa siku moja. Afisa wa kwetu, mvua za masika zikinyesha na mbuga zikijaa maji, huenda akatumia siku nzima kwa shule moja, tena akarudi na matope magotini.

Liko na jambo lingine. Jirani zetu wana dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu, ulioanza kazi 2001, uko Msalala. Mgodi wa Buzwagi ulikuwa Kahama, ukaanza 2009 na kufunga uzalishaji 2021. Makampuni hulipa ushuru wa huduma, ulio sehemu ndogo ya mapato yao, kwa halmashauri walizomo. Sisi twategemea zaidi ushuru wa mazao, na mwaka 2017 ushuru huo ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, na hadi 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu, na hilo ni jema, lakini mfuko wa halmashauri za wakulima ulipungua. Tukitaka kujenga nyumba ya afisa, hatuanzi na mfuko sawa na wa jirani zetu.

Kazi yake ni nini?

Katika kila halmashauri wako Maafisa Elimu wakuu wawili. Mmoja husimamia elimu ya awali na msingi, wa pili husimamia sekondari. Chini yao wako wasaidizi, kama Afisa Taaluma, Afisa Vifaa na Takwimu, na Afisa Elimu ya Watu Wazima. Katika kila kata yuko Afisa Elimu Kata, ambaye zamani aliitwa Mratibu. Halafu ndipo wafuata wakuu wa shule na walimu.

Kazi zao ni nyingi, nasi tutataja tatu tu.

Ya kwanza ni kugawa walimu. Serikali ikileta walimu wapya katika halmashauri, yeye hushauri nani aende shule gani. Tena huwahamisha walimu walio wengi mno katika shule moja wakasaidie shule iliyopungukiwa. Shule za kando ya barabara kuu huwa na walimu wengi, na za mbali huwa na wachache, kwa kuwa kila mtu hupenda kuwa karibu na gari, soko na hospitali. Kulirekebisha jambo hili kwataka afisa anayezijua shule zote kwa macho yake. Tuseme shule mbili zina walimu 8 kila moja katika karatasi. Ya kwanza ina walimu wawili wa hesabu, ya pili haina hata mmoja. Karatasi yasema "8 na 8, sawasawa." Aliyekwenda huko na kukaa katika madarasa ajua kwamba si sawasawa hata kidogo.

Kazi ya pili ni hesabu ya wanafunzi. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, na Serikali hutoa ruzuku kwa kufuata idadi ya wanafunzi. Kiwango kilichowekwa ni Sh. 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na Sh. 25,000 kwa wa sekondari, kwa mwaka. Sasa piga hesabu. Shule ya sekondari ina wanafunzi 400, lakini takwimu zilizopelekwa ni za zamani, nazo zasema 360. Wanafunzi 40 hawakuhesabiwa. Mara 25,000 ni Sh. 1,000,000. Fedha hizo ni chaki, karatasi za mitihani, matengenezo na vitabu, nazo zimepotea bila mwizi kuingia. Hakuna aliyeiba, ila hakuna aliyekagua orodha kwa wakati wake.

Kazi ya tatu ni kuwasikiliza watu na kuwasemea. Mzazi akiwa na shauri na mkuu wa shule, mwalimu akidai haki yake, kijiji kikiwa kimejenga maboma ya madarasa kikingoja bati za Serikali, wote humwendea yeye. Naye huenda mbele ya Mkurugenzi na madiwani kuieleza haja ya shule wakati wa kupanga bajeti. Afisa mgeni hueleza aliyosoma katika faili, hali mwenyeji hueleza aliyoyaona, na madiwani hujua tofauti.

Habari za zamani

Wakati wa Mwingereza, Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza mwaka 1920. Kahama ilikuwa katika Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake yalikuwa Tabora, na maofisa wa elimu walitoka huko kuja kukagua shule za Serikali, za misheni na za watemi. Hakuna mwenyeji aliyeulizwa kama amtaka ofisa yule au hamtaki. Aliletwa, akakaa mpaka alipoitwa kwingine.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika mara nyingi. Sheria ya elimu iliyoanza kutumika 1962 iliondoa shule za ubaguzi wa rangi. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, na kazi zake zikachukuliwa na ofisi za Serikali mikoani na wilayani. Mwaka 1974 likatoka Azimio la Musoma, na 1977 ikaanza elimu ya msingi kwa wote. Sheria ya 1982 ilizirudisha halmashauri, nazo zikaanza tena kazi mwaka 1984, zikapewa shule za msingi. Shule za sekondari zilibaki chini ya Wizara mpaka mwaka 2009, ndipo nazo zikakabidhiwa halmashauri.

Basi angalia mambo mawili. Ofisi ya Afisa Elimu Sekondari katika halmashauri haina umri mrefu, kwa kuwa ilizaliwa 2009. Tena, wilaya moja ya Kahama ilipogawanyika mara tatu mwaka 2012, palipohitajiwa kundi moja la maofisa pakahitajiwa makundi matatu. Halmashauri yaweza kuzaliwa kwa tangazo la Serikali kwa siku moja, bali afisa aliyekomaa huchukua miaka mingi kukua: ufundishaji, ukuu wa shule, kazi ya kata, na kazi ya taaluma wilayani.

Hupatikanaje siku hizi?

Wengine hudhani kwamba madiwani hutangaza kazi na kumchagua Afisa Elimu wamtakaye. Sivyo. Wakuu wa idara katika halmashauri hupangwa na Serikali Kuu kwa njia ya Ofisi ya Rais inayosimamia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ambayo watu huiita TAMISEMI. Mtu aweza kutolewa Mtwara akaletwa Ushetu, au kutolewa Ushetu akapelekwa Rukwa.

Mpango huu una faida yake, na yatupasa tuseme kweli. Laiti kila wilaya ingejitafutia yenyewe, wilaya tajiri zingechukua walio bora wote, nasi tungebakiwa na makombo. Tena nchi yetu imejengwa kwa watu kuhama na kufanya kazi pamoja na watu wa makabila mengine. Afisa asiye na shangazi wala mjomba wilayani hana wa kumpendelea.

Lakini mpango huu una upungufu mmoja: hautoi sababu ya mtu kubaki. Aliyepangwa hakuchagua, na waliopangiwa hawakuchagua. Barua ya kumleta na barua ya kumwondoa zina urefu ule ule.

Huko Marekani desturi ni kinyume. Nchi ile ina wilaya za shule zaidi ya 13,000, nyingine zikiwa na shule moja au mbili tu. Kwa kawaida wananchi huchagua bodi, na bodi hutangaza kazi ya msimamizi wa shule, huwasaili waombaji na kufanya mkataba wa miaka na yule iliyempenda. Lakini hata huko wilaya ndogo za mashambani hulia. Mishahara ya mijini huwashinda, na msimamizi mmoja huenda akawa pia mkuu wa shule, tena siku nyingine akaendesha basi la wanafunzi. Katika jimbo la Iowa wilaya mbili ndogo huweza kushirikiana msimamizi mmoja, wakagawana gharama. Basi hata anayechagua mwenyewe apata taabu ya kumweka mtu mahali pa mbali. Shida haikuanza kwetu, wala haitakwisha kwa kubadili tu jina la anayetia sahihi barua.

Kwa nini hawakai?

Tukiacha lawama na kutazama mambo yalivyo, twaona sababu tano.

Kwanza ni nyumba. Ofisi za Ushetu kwa miaka ya mwanzo zilikuwa mjini Kahama, nje ya eneo lake. Mwaka 2019 Rais John Magufuli aliagiza halmashauri zote za namna hiyo zihamie katika maeneo yao, na makao yetu sasa yako Nyamilangano. Agizo lile lilikuwa na haki, kwa sababu mwananchi wa Bulungwa hakupaswa kuivuka wilaya yake mwenyewe ili amwone mtumishi wake. Lakini ofisi kuhama ni jambo moja, na familia kuhama ni jambo la pili. Mahali penye nyumba chache, mtumishi huiacha familia mjini, naye huwa kama mpita njia, Jumatatu yuko na Ijumaa hayupo.

Pili ni mwenzi wake na watoto. Twazungumza kana kwamba afisa ni mtu mmoja, kumbe ni nyumba nzima. Mke wake labda ni muuguzi, au mume wake labda ni karani wa benki. Je, iko kazi yake hapa? Watoto wake watasoma wapi? Afisa ambaye hathubutu kumsomesha mwanawe katika shule anazozisimamia atupa sisi funzo gumu, lakini heri tulisikie.

Tatu ni malipo. Mshahara wa cheo hicho ni ule ule Dar es Salaam na Ushetu. Sera ya Mishahara na Motisha ya mwaka 2010 ilikubali kwamba sehemu zenye mazingira magumu zahitaji kivutio cha pekee, lakini kukubali katika sera si sawa na kuona fedha mkononi. Kenya hulipa walimu wa sehemu kame posho ya mazingira magumu.

Nne ni madai ya uhamisho. Mtumishi akihamishwa na mwajiri wake ana haki ya kulipwa gharama za kuhama. Halmashauri yenye mfuko mdogo hukawia kulipa. Mtu huja na deni lake, huishi na deni lake, na moyo wake wote huwa katika deni lile.

Tano ni kukaimu. Kiti kikiwa wazi, mtu huwekwa akaimu. Kaimu huweza kuwa hodari, lakini huogopa kuamua mambo mazito, kwa kuwa hajui kesho nani atakuja kukaa kitini. Anayetaka kumhamisha mwalimu mwenye jamaa wakubwa hungoja, na anayetaka kumwonya mkuu wa shule aliye mvivu hungoja. Shule nazo zangoja pamoja naye.

Funzo la jirani zetu Kenya

Wengine husema, "Tuleteeni tu watu kutoka nje, wako wengi." Tazama yaliyotokea katika kaunti ya Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya. Tarehe 22 Novemba 2014 wauaji wa Al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likielekea Nairobi, wakaua watu 28. Wengi wa waliouawa walikuwa walimu waliokuwa wakienda kwao likizo. Baada ya msiba ule walimu wengi waliotoka sehemu nyingine walikataa kurudi, na nani angewalaumu? Lakini shule zilibaki na watoto bila walimu, kwa kuwa wenyeji waliosomea ualimu walikuwa wachache.

Sisi, Mungu ashukuriwe, hatuna hatari ya namna ile. Hata hivyo funzo ni moja: mahali panapotegemea wageni peke yao pana deni ambalo laweza kudaiwa siku yoyote.

Sisi wenyewe tuna mfano mwingine, tena mwema zaidi. Elimu kwa wote ilipoanza 1977, Serikali iliwachukua vijana wengi waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha ualimu karibu na kwao, huku wakifanya kazi, kwa msaada wa redio na masomo kwa njia ya posta. Watu waliwaita walimu wa UPE, na wengine waliwacheka kwa uchache wa elimu yao. Ni kweli kwamba mafunzo yao yalikuwa mafupi, na elimu iliumia kwa hilo. Lakini wengi wao walikaa. Walikuwa na mashamba, ng'ombe na wazazi palepale. Miaka mingi baadaye ungewakuta bado wanafundisha watoto wa wanafunzi wao wa kwanza. Tukiunganisha kukaa kwao na elimu bora ya siku hizi, tutakuwa tumepata tunachokitafuta.

Dawa iko wapi?

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii watu huitumia kumfukuza mvivu, lakini ina maana nyingine. Ukimpa mgeni jembe umempa na mahali pa kulima. Amekuwa mtu wa hapo.

Halmashauri yaweza kufanya mambo yaliyo katika uwezo wake. Nyumba ya Afisa Elimu na ya wasaidizi wake ihesabiwe kuwa kazi ya elimu, kama darasa lihesabiwavyo. Fedha za kumhamisha zitengwe kabla hajafika. Akifika, apewe majuma ya kwanza azungukie kata zote 20 pamoja na mtu azijuaye njia, kabla ya kumfungia ofisini na mafaili. Tena kila afisa anayeondoka aache daftari la makabidhiano lisemalo habari za kila shule: walimu wake kwa somo, majengo yaliyokwama, ahadi zilizotolewa kwa wanakijiji na zilizobaki. Daftari hilo halitaki fedha nyingi, nalo laweza kuokoa mwaka mzima wa kuanza upya.

Maafisa Elimu Kata nao wasisahauliwe, maana wao ndio mizizi. Tangu 2016 walipangiwa posho ya madaraka ya Sh. 250,000 kwa mwezi, na mwaka 2018 Serikali iligawa karibu pikipiki 2,900 kwa waratibu wa kata nchini ili wafike shuleni. Hayo ni mambo mema. Afisa wa wilaya akiondoka, ikiwa wa kata wamekaa, habari za shule haziondoki pamoja naye. Na Serikali inapotafuta wa kukijaza kiti, yafaa iwatazame wao kwanza, kwa kuwa njia za Ulowa na Bulungwa wamekwisha kuzijua wakati wa mvua na wakati wa kiangazi.

Hapo atasimama mtu aseme, "Mwenyeji atapendelea jamaa zake." Hofu hiyo ina msingi. Dawa yake ni kuweka mambo wazi. Mgawo wa walimu ubandikwe ubaoni kila mwaka, shule kwa shule na somo kwa somo, ili kila mzazi aone. Wathibiti ubora wa shule wafanye kazi yao, na madiwani waulize maswali. Upendeleo hupenda giza, haujali mtu ametoka wapi.

Kwa wazazi neno ni fupi. Mtumishi hupima kijiji kwa mapokezi yake. Kamati ya shule inayokutana, mahudhurio ya watoto yasiyokatika wakati wa kuvuna tumbaku, ng'ombe wanaochungwa na mtu mzima siku za shule: hayo humwambia afisa kwamba jasho lake haliendi bure. Watu hubaki mahali ambapo kazi yao yaonekana kuzaa.

Neno kwa wanafunzi

Nanyi mlio madarasani msidhani kwamba hizi ni habari za kusikiliza tu. Afisa Elimu wa Ushetu wa miaka 20 ijayo lazima awe ameketi katika darasa fulani leo. Swali ni kama darasa hilo liko hapa.

Njia yake yajulikana. Kwanza ni kufaulu kidato cha nne na cha sita, halafu kusomea ualimu chuoni au katika Chuo Kikuu. Baada ya kufundisha miaka kadhaa na kuonekana hodari, mtu hupewa kuongoza shule. Uko Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, wenye makao yake Bagamoyo na tawi Mwanza. Wakala huo uliundwa mwaka 2001, kazi yake ni kuwafundisha walimu namna ya kuongoza na kusimamia shule. Kiko pia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, ambacho humwezesha mwalimu kusoma shahada bila kuiacha kazi yake. Hilo ni jambo kubwa kwa sehemu kama zetu. Zamani mwalimu aliyetaka kupanda alilazimika kuondoka kwenda kusoma, na wengi wakishaondoka hawakurudi. Siku hizi mwalimu wa Uyogo aweza kusoma hali yuko Uyogo.

Tena wasichana wasikilize kwa makini. Shule za mbali zahitaji wanawake katika uongozi, maana msichana mwenye shida aliyoificha hatamweleza kila mtu. Bibi Afisa Elimu aliyekulia hapa, aliyetembea kwa miguu kwenda shule na kurudi jioni, hahitaji kuelezwa kwa nini bweni la wasichana ni haja ya kwanza.

Hatusemi kwamba kila mmoja wenu arudi. Nchi ni moja, na wengine wenu mtahitajiwa Mtwara na Rukwa kama wenzenu wa huko wanavyohitajiwa hapa. Nanyi mkipelekwa huko, kumbukeni yaliyoandikwa hapa: siku ya tatu ombeni jembe wenyewe. Zizungukieni shule kabla ya kuyafungua mafaili, ziandikeni habari zake katika daftari, na daftari hilo muache mezani siku mtakayoondoka.